Hedifoni Chini ya Mtandio

Rehema, wewe na Jafari mmenisumbua tangu siku niliyowaachia funguo za kibanda. "Mzee, tuandikie basi hata kurasa mbili. Hedifoni na iafoni, ipi bora?" Mnauliza kana kwamba jibu ninalo mfukoni na nimelificha kwa uchoyo. Haya, nimekaa kuandika. Kurasa zitazidi mbili, vumilieni. Nyumba yangu siku hizi ina utulivu mwingi kuliko ninavyouhitaji, na daftari halichoki haraka kama wageni.

Nianze na nisivyokuwa navyo. Shule niliishia darasa la saba, Ruaruke. Cheo sikuwahi kupata, kwa sababu kibandani nilikuwa peke yangu, na mtu aliye peke yake hawezi kujipandisha cheo bila kuchekwa. Nilichokuwa nacho ni masikio mawili, ambayo yalifanya kazi nzuri kwa watu baki na kazi mbaya nyumbani kwangu. Kazi ngumu kuliko zote haikuletwa na mteja. Aliileta mke wangu, Mama Zuhura, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipofikia karibu kukifunga chuo chake kwa sababu hawasikii tena watoto wakisoma. Nitafika huko. Kwanza mjue nilivyoanza, ndipo mtaelewa kwa nini nilichelewa.

Fundi wangu alikuwa Mzee Pazi, aliyetengeneza redio Ikwiriri, kando ya barabara. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikidhani atanipa chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Alinipa kisikilizi kimoja, kile cha sikio moja kilichokuja na redio ndogo za mfukoni, kimegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara.

"Redio hii imekufa," akasema. "Nitafutie ilipofia."

"Nitapajuaje, Mzee?"

"Sauti inaingia huku, inatembea ndani, inatokea kule kwenye spika. Gusa ncha ya waya hapa, kisha hapa, kisha hapa. Ukiisikia, bado hai. Ukiacha kuisikia, umefika msibani."

Nilishinda na kisikilizi kile mpaka adhana ya Adhuhuri, nikapakuta mahali penye waya ulioliwa na mende. Mzee Pazi alisogeza kikombe chake cha chai upande wangu. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Wakati huo kuvuka mto Rufiji pale Ndundu bado ni kwa pantoni, daraja halijajengwa. Wateja wa Nyamwage walivuka na redio zao zimefungwa kwenye kanga, na nusu ya ugonjwa wa redio zile ulikuwa maji ya mto. Mzee Pazi alinifundisha kuanika redio kivulini na kutomcheka mwenye redio mpaka ameondoka. Alinifundisha pia jambo ambalo nyie wawili mmekataa kabisa kulishika: usimwambie mteja kwamba sauti ni nzuri. Mpe asikilize, halafu nyamaza. Sikio ni lake. Jafari, wewe mteja hajavaa vizuri umeshamwambia "hapo unasikia besi hiyo, bro." Mwache bro asikie mwenyewe.

Alipozeeka nikarudi Kibiti, nikafungua kibanda pale stendi. Redio zikapungua, simu zikaja, na simu zikaja na nyuzi zake. Nikajikuta fundi wa vitu vya masikioni. Kwa atakayeshika daftari hili bila kuijua kazi: hedifoni ni zile za kuvaa kichwani, zinafunika sikio, iafoni ni zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, zenye waya au zisizo nao. Watu hubishana juu yake kama wanavyobishana juu ya timu za mpira, na kama kwenye mpira, wengi hawajagusa hata mpira wenyewe.

Nilivipima hivi, na sioni aibu kusema ni njia yangu mwenyewe. Simu moja, rekodi moja, sauti usawa mmoja. Hapo kwenye usawa ndipo wauzaji wanapowadanganya watu. Ukipandisha moja kidogo tu kuliko nyingine, mteja ataapa hiyo ndiyo bora, kumbe ni kubwa tu, siyo nzuri. Kwanza sikiliza mtu anayeongea. Kisha mwanamke anayeimba. Ngoma iwe ya mwisho. Chombo kikishindwa kukuletea mtu anayeongea, ngoma yake ni kelele za kuficha aibu.

Iafoni za waya hufia mahali pawili, shingoni mwa pini na pale waya unapogawanyika. Za watu wa Delta, kule mto unapoingia baharini, hufia mahali pa tatu, kwenye chumvi. Pini hugeuka kijani, sauti inakwaruza, mwenyewe anakuja amekata tamaa na mimi naisugua kwa ufutio wa penseli, inapona. Mteja mmoja wa huko alinitazama nikifanya hivyo, akasema, "Fundi, hiyo ndiyo elimu ya darasa la saba?" Nikamwambia hapana, hiyo ni ya darasa la pili.

Hedifoni kubwa nilizipenda kwa sababu zinafunika sikio na kuzuia kelele za nje. Nilimuuzia moja Bakari wa Nyamwage, aliyekuwa analinda mpunga, anakaa mchana kutwa kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu shambani, akipiga kelele ndege waondoke. Alitaka kitu cha kumliwaza. Wiki iliyofuata akarudi nazo.

"Zimeharibika?" nikauliza.

"Hazijaharibika. Nzuri mno, fundi. Ndege wameteremka kundi zima, wamekula jaruba, wameshiba, wameondoka. Mimi nasikia taarabu tu."

"Sasa unataka nini?"

"Nipe mbaya."

Nikampa iafoni za waya za bei ya chini, nikamwambia achomeke moja, sikio la pili alibakishie ndege. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja dukani kwangu kuomba sauti mbaya, na alikuwa na haki. Hapo nilijiona nimeshaijua kazi, na mtu akijiona hivyo ndipo huanza kuharibu.

Niliharibu hivi. Wanawake walikuwa wananunua hedifoni kubwa, baada ya siku mbili wanazirudisha. "Fundi, hazina sauti. Ziko mbali." Mimi nazivaa, nasikia vizuri kabisa. Nazivaa tena, vizuri kabisa. Nikawahesabu kuwa ni watu wa kulalamika. Mwishowe nikawa nawaambia, kwa uso mkavu kama wa daktari, "Dada, nyie mna masikio madogo, chukua iafoni." Nilisema hivyo miaka. Wakawa wanachukua iafoni wanakwenda zao, na hakuna aliyenibishia. Ukimya ule nilidhani ni kukubali.

Sasa Mama Zuhura. Chuo chake kilikuwa barazani kwetu, watoto wa kike kama ishirini kwenye mkeka, kila mmoja na juzuu yake. Enzi zake alikuwa anaweza kukoroga uji jikoni huku akimsikia mtoto wa mwisho kule nyuma anayesoma na andazi shavuni. "Toa andazi, meza, rudi mwanzo wa aya." Mtoto anatoa macho, hajui ameonwa kutoka wapi.

Masikio yake yakaondoka polepole na mimi sikujua. Siwezi kujitetea. Nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani, kula na kunyamaza. Mume asiyesema na mke asiyesikia wanaweza kuishi muda mrefu sana bila ugomvi. Mimi nilidhani tumepatana.

Waliogundua ni watoto. Asubuhi moja jirani yetu Bi Tatu alipita na ndoo yake, akasimama, akapaza sauti: "Mwalimu, watoto leo wamefungwa midomo?" Mstari wote wa nyuma ulikuwa unachezesha midomo tu, bila sauti. Midomo inakwenda, vichwa vinayumba, vidole vinafuata mistari, adabu tele, na hakuna anayesoma. Na Mama Zuhura alikuwa anawaitikia kwa kichwa, ameridhika. Walianza lini, hatukujua. Labda wiki, labda tangu mvua.

Mchana ule alikuja kibandani kwa miguu. Hakuwa na kawaida ya kuja.

"Baba Zuhura, wewe si fundi wa masikio?"

"Wa vitu vya masikioni," nikasema.

Hakunisikia. Ikabidi niseme tena kwa nguvu, na stendi nzima ikajua kazi yangu.

"Basi nitengeneze," akasema. "Nitafundisha mpaka chuo kifungwe kwa ajili ya Ramadhani. Nikiwa bado sisikii, baada ya Idi sifungui. Siwezi kupokea mtoto wa mtu nikae namwitikia midomo."

Hospitali tulikwenda kwanza, msije mkasema mzee alidharau madaktari. Daktari alimpima, akatuambia ni uzee wa masikio, akatueleza habari za mashine ya kusikia. Binti yetu Zuhura, aliye Dar es Salaam, akaanza kuishughulikia. Lakini Ramadhani haisubiri mashine. Tulikuwa na mwezi na siku chache.

Mnakumbuka kisanduku changu, kwa sababu mlikicheka. Nilichukua kikuza sauti cha redio iliyokufa, nikakipachika ndani ya kibweta cha sabuni, nikaweka betri, upande mmoja maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, upande wa pili tundu la kuchomeka pini. Mwalimu anaielekeza maiki kwa mtoto, sauti inakuzwa, inamfikia. Kisanduku kilifanya kazi siku ya kwanza. Kilichobaki ni kitu cha kuvaa masikioni, jambo ambalo mimi, kwa maneno yangu mwenyewe, nilikuwa bingwa wake.

Tulianza na iafoni zisizo na waya ambazo Zuhura alimletea mama yake, nyeupe, za bei kubwa, zimelala kwenye kiboksi kama pete ya posa. Hizo hazikuweza kuingia kwenye kisanduku, kwa hiyo Jafari akaweka programu kwenye simu, simu ndiyo iwe maiki. Sauti ilikuwa safi, sikatai. Lakini ilichelewa. Kwa anayesikiliza muziki kuchelewa huko si kitu, kwa sababu hakuna wa kumtazama mdomo. Mama Zuhura alikuwa anawatazama.

"Huyu mtoto anafunga mdomo, ndiyo sauti inakuja," akasema. "Baba Zuhura, umeniletea mashetani?"

"Inachelewa kidogo tu, Bibi," Jafari akamwambia.

"Kidogo? Nimemgombeza mtoto, kumbe alikuwa amepatia, maneno bado yako njiani!"

Siku ya tatu iafoni ya kushoto ilidondoka alipoinama. Tuliipata kesho yake uani, kuku ameshaionja na kuikataa.

Tukaja kwenye iafoni za waya, ndani ya kisanduku. Hapo hakuna kuchelewa. Lakini zile ndogo hazikuziba sikio lake vizuri, sauti ilivuja, ikarudi kwenye maiki, ikazunguka, na kisanduku kikapiga mluzi ambao ulileta mbwa wa jirani. Nikizisukuma ndani mluzi unakoma na Mama Zuhura anaanza. "Unanitoboa ubongo!" Akawa na kidonda sikioni. Nikaziacha.

Nikajitoa kimasomaso. Nikatungua hedifoni ghali kuliko zote kibandani, nyeusi, nene, zenye besi, ambazo vijana wa bodaboda walikuwa wanakuja kuzigusa tu. Nikamvalisha palepale stendi, nikamkalisha kwenye benchi, nikamwita msichana mmoja mwuza karanga amsomee Alhamdu kwenye maiki. Mama Zuhura akafumba macho.

"Amekuwa mwanamume," akasema.

"Nani?"

"Huyu mtoto. Ngurumo tu. Na yuko mbali."

Nikaongeza sauti. "Ngurumo imekuwa kubwa," akasema. Nikazivaa mimi, nikasikia kila herufi. Nikamvalisha tena. Mbali. Nikazivaa. Karibu. Watu wanatazama, Shaabani imebaki wiki moja, na mimi ni fundi wa miaka yote ile. Nikasema, kwa sauti ya kutosha, "Labda hutegi sikio."

Alizivua, akaziweka juu ya meza yangu taratibu, akafunga mtandio wake vizuri, akaenda nyumbani. Sikumfuata. Nilikaa nafuta vumbi kwenye vitu visivyo na vumbi.

Rehema, ulikuwa kibanda cha pili unabadilisha kioo cha simu, na hukunyanyua hata kichwa.

"Mzee, ulimvalisha juu ya mtandio?"

"Sasa nimvue mtandio stendi?"

"Nani kasema umvue? Yeye hana mikono ya kuzipitisha chini?"

Sikuelewa. Ukaacha kioo, ukachukua zile hedifoni, ukazivaa juu ya mtandio wako. "Hapa nasikia kama mtu anaongea ndani ya gunia." Ukageuka ukutani, ukazipenyeza ndani, ukageuka tena na mtandio umekaa kama ulivyokuwa. "Hapa nasikia. Kitambaa kinakaa kati ya sikio na spika, mzee, halafu hazibani. Kila mwanamke anajua hilo. Mimi mwenyewe nilinunua kwako, mwaka wa kwanza nilipokuja."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaniambia nina masikio madogo."

Sijui kama unakumbuka nilifanya nini. Nilifunga kibanda kabla ya saa sita mchana, siku ya gulio. Niliwafikiria wanawake wote wale niliowauzia kwa masikio ya mwanamume asiyefunikwa kichwa. Mzee Pazi alisema mpe mteja asikilize kisha unyamaze. Mimi nilisikiliza kwa niaba yao kisha nikaongea.

Lakini mtandio ulikuwa nusu tu ya kosa. Zile nyeusi, hata zikiingia chini, zilikuwa na ngurumo ileile. Sauti za watoto wa kike ni nyembamba, ziko juu. Besi nyingi inazilalia kama gunia la mpunga juu ya kifaranga. Na zilikuwa nene, zingemfanya awe na kichwa cha ng'ombe. Nikakumbuka hedifoni fulani zilizoning'inia kwenye msumari wa nyuma kwa muda mrefu mpaka buibui walizizoea. Nyepesi, za waya, sponji tu, besi hakuna. Jafari aliwahi kusema hizo hata uzitoe bure hawachukui. Nikazipangusa, nikazipima kwa rekodi ya mtu anayeongea. Muziki wake ulikuwa mkavu kama wali bila nazi. Lakini mtu aliyekuwa anaongea, aliongea mbele yangu.

Nilizipeleka nyumbani, nikaziweka juu ya mkeka, nikamwonyesha kwa mikono: chini, siyo juu. Hakuuliza nani kanifundisha. Nadhani alijua si mimi.

Asubuhi yake nilichelewa kazini kwa makusudi, nikakaa nyuma ya mlango. Alikaa mbele ya watoto, mtandio umetuna pande mbili, waya unateremka kwenye kibweta cha sabuni, maiki mkononi kama mtangazaji. Kicheko kikaanza nyuma. Mtoto mmoja, Asha, wa kama miaka tisa, akamnong'oneza mwenzake, "Mwalimu ameota pembe."

"Pembe hizi, Asha, ndizo zilizosikia," Mama Zuhura akasema. "Soma wewe kwanza."

Kimya kilichoingia pale sijakisikia tena barazani kwangu mpaka mwaka jana. Asha akasoma. Akamaliza, akafuata mwingine, na mwingine, na Mama Zuhura akawa anawarudisha: vuta hapo, usikimbie, umeruka. Alipofika mstari wa nyuma akainyoosha maiki mbele ya mtoto aliyekuwa anachezesha midomo kwa ufundi kabisa.

"Wewe nakuona. Sikusikii. Na leo tatizo haliko kwangu."

Yule mtoto akatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha akasoma. Mimi nikatokea mlango wa uani, nikaenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Alasiri nilimwomba radhi kwa neno langu la stendi. Nilisema kwenye maiki ili lifike.

"Neno gani?" akasema. "Siku ile mimi nilikuwa kiziwi. Sikulisikia."

Alilisikia. Nilimwona usoni siku ile. Lakini hakulisema tena maisha yake yote, na mimi sikuthubutu kumsahihisha.

Baada ya Idi chuo kilifunguliwa. Alifundisha miaka mingine minne. Mashine ya Zuhura ilipokuja aliivaa wiki mbili, akasema inamwasha, akarudi kwenye pembe zake. Sponji nilimbadilishia mara nyingi, waya mara tatu, kibweta cha sabuni kimoja. Asha yule wa pembe sasa ni msichana mkubwa, na ndiye anayewasomesha watoto barazani kwangu hivi sasa ninavyoandika. Ana sauti. Sihitaji hata maiki kumsikia.

Sasa jibu lenu, maana najua mmeruka kurasa kulitafuta. Kwa usafi wa sauti kwa pesa ileile, hedifoni za waya huzishinda nyingine zote, kwa sababu pesa haikwenda kwenye betri wala kwenye kiboksi cha pete. Kwa mtu wa kutembea, wa bodaboda, wa dungu, iafoni, na achomeke moja tu kama anapenda maisha yake au mpunga wake. Zisizo na waya ni nzuri kwa mwenye haraka na kwa asiyepoteza vitu. Mkimpata mtu wa aina hiyo Kibiti mniambie. Za bei rahisi unazozinunua upya kila baada ya miezi michache si rahisi. Za bei ghali zenye besi ya kutikisa meno si nzuri. Mteja akiwa mwanamke, mpe kioo, geukia ukutani, mwache azivae anavyovaa nyumbani kwake. Na mkimwona mtu anaongeza sauti kila mwezi, msimuuzie kubwa zaidi. Mwambieni akapimwe.

Lakini la mwisho si la duka. Nyumbani Mama Zuhura hakuwa anazivaa. Akimaliza chuo anazivua, anazitundika. Siku moja nikamwuliza kwa ishara, mbona?

"Nisimalize betri," akasema. "Wewe unasema maneno sita kwa siku, Baba Zuhura, na yote nayajua kwa kukutazama."

Nilijihesabu kesho yake. Yalikuwa saba, na moja lilikuwa la paka.

Mwaka jana aliugua, akalala kitandani wiki kadhaa. Zuhura alikuja kumwuguza. Siku mbili kabla hajatutoka, mchana, akaniashiria nimpe kisanduku. Nikadhani anataka Kurani, nikaleta na redio.

"Siyo redio," akasema. "Shika maiki."

"Nimshikie nani?"

"Shika wewe. Sema."

Nikamvalisha hedifoni, nikazipenyeza chini ya mtandio kwa mikono yangu, nikakaa kwenye kigoda na ile maiki mdomoni. Nilikuwa nimetengeneza vitu vya kusikilizia maisha yangu yote, na sikuwa na kitu cha kusema.

"Niseme nini?"

"Za stendi. Wewe unakwenda kila siku, mimi sijui huko kuna nini."

Basi nikamwambia. Nikamwambia Rehema alivyomkatalia dereva wa lori aliyetaka kurudisha iafoni zenye nta ya masikio yake. Nikamwambia Jafari alivyojifungia nje ya kibanda. Nikamwambia mama lishe amehamia upande wa kivuli na chapati zake zimekuwa ndogo. Alikuwa anacheka kwa pua, macho amefumba. Nikinyamaza anafungua jicho moja. "Ehe?" Naendelea. Nikamweleza mambo ya mwezi ule, nikayamaliza, nikarudi ya mwaka juzi, ya pantoni, ya Mzee Pazi na kikombe cha chai, mambo ambayo katika ndoa yetu yote sikuwahi kumhadithia kwa sababu niliona ni ya kazini tu.

Alisinzia kabla sijafika mwisho. Sikumwamsha, wala sikunyamaza.